Nimepandishwa cheo, sasa tajiri ataka nimfukuze kijana wetu

BARUA

Ami, assalamu alaykum.

Mimi ni binti wa miaka 33, mzaliwa wa Langoni, Lamu, na huu ni mwaka wa tisa naishi na kufanya kazi Malindi. Nakuandikia saa nane za usiku. Usingizi umenikataa, na juu ya meza yangu pana barua inayongoja sahihi yangu kabla ya Jumatatu.

Kampuni yetu ni ndogo, tuko watu kumi na mmoja. Tunatengeneza programu ya kuwekea nafasi za vyumba na safari za mashua. Wateja wetu ni nyumba za wageni za Shela na Mkomani, hoteli chache za Malindi na Watamu, na manahodha kadhaa wanaopeleka wageni Manda Toto. Mimi ndiye niliyeajiriwa wa kwanza. Mstari wa kwanza wa programu ile niliuandika kwa mkono wangu, nikiwa nimeketi kwenye kreti la soda kwa kuwa viti vilikuwa bado.

Miaka miwili iliyopita tajiri aliniita akaniambia, kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Teknolojia. Mshahara ukapanda kidogo, nikachapishiwa kadi zenye jina langu, basi. Hakuna aliyeniambia kazi gani niiache na kazi gani niianze. Kwa hivyo nikazifanya zote. Mchana mikutano, usiku kuandika programu, na ndani ya tuktuk najibu wateja kwenye WhatsApp. Vijana saba wa programu wote hupitisha kazi yao kwangu, na hakitoki kitu nisichokikagua. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani kwa Maulidi, kazi ilisimama siku nne. Nje kaswida zinasomwa, mimi nimejifungia chumba cha juu na kompyuta mapajani. Mama alikuja mara mbili akasimama mlangoni, akaniangalia, akashuka bila kusema neno.

Sasa nikwambie lililotokea.

Kati ya vijana wetu kuna mmoja wa miaka 23 ambaye mamake na mama yangu wanakaa kichochoro kimoja. Nilimleta Malindi mimi. Siku tunaondoka, mamake alituvusha mpaka gatini Mokowe, akaushika mkono wa mwanawe akautia mkononi mwangu, akasema, "Huyu ni amana yako." Ni kijana mtulivu, mwepesi wa kufahamu, na hajawahi kuchelewa.

Tarehe 28 Desemba nyumba zote za wageni zilikuwa zimejaa na mfumo ulikuwa mzito. Nilimwambia asafishe seva ya majaribio, yaani kompyuta tunayojaribia programu kabla ya kuwapa wateja, tupate nafasi. Kwenye skrini yake palikuwa na madirisha mawili meusi, yamekaa ubavu kwa ubavu, maandishi ya rangi moja: moja la majaribio, la pili la seva wanayoitumia wateja. Saa sita kasorobo usiku aliandika amri ya kufuta, kwenye dirisha silo. Anasema alishtuka pale alipoona amri inakawia, kwa sababu data za majaribio ni chache, hufutika mara moja. Akaisimamisha. Nafasi zote zilizowekwa na wageni zilikuwa zimeshakwenda. Alinipigia simu papo hapo. "Dada, nimeharibu." Hakusema zaidi ya hayo, na sauti yake mpaka leo naisikia.

Tukakimbilia nakala za akiba. Ami, zilikuwa zimeacha kuhifadhiwa tangu tarehe 6, kwa sababu diski ilijaa. Onyo lilikuwa likitumwa kila usiku, lakini likienda kwenye barua pepe ya mwenzetu aliyeacha kazi Agosti. Siku 22 tulizijenga upya kwa barua pepe walizotumiwa wageni, kwa picha zilizokuwa kwenye simu, na kwa madaftari ya wasimamizi ambao hawakuwahi kuiamini kompyuta. Ilituchukua siku tatu.

Shela, familia moja kutoka Nairobi ilifika magharibi, masanduku yako juu ya punda, wakakuta chumba chao kina watu. Mwenye nyumba ni mama wa umri wa mama yangu. Aliwapa chumba chake mwenyewe, yeye akaenda kulala kwa bintiye. Hakunigombeza. Alinambia tu, "Mwanangu, daftari langu nililitupa kwa ajili yako."

Tajiri ataka kijana afukuzwe. Barua imeshapigwa chapa, imeandikwa "uzembe mkubwa", na pa kutia sahihi pana jina langu. Asema wateja wanataka kuona kuna mtu ameadhibiwa, na kwamba kiongozi asiyeweza kukata si kiongozi.

Hayo si yote. Ameziahidi hoteli mbili za Watamu kwamba ikifika tarehe 1 Julai programu itakuwa inapokea malipo ya M-Pesa moja kwa moja na itasomeka kwa Kiitaliano. Habari hiyo niliipata kwa mteja. Nilipomwambia muda hautoshi, akajibu ataongeza vijana watatu.

Na kuna Mwalimu. Ana miaka 54, alinifundisha kompyuta chuoni, na mimi ndiye niliyemwomba aje kwetu. Sasa akiwa na neno hunipita akaenda kwa tajiri, na siku moja aliwaambia vijana mbele yangu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha kompyuta. Nilicheka ili yaishe, lakini iliniuma.

La mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa Novemba huyo huyo Mwalimu aliniuliza, "Hizi nakala za akiba nani anaziangalia?" Nikamjibu nitaangalia. Sikuangalia.

Je, nitie sahihi? Na kazi yangu hasa ni ipi? Nilikuwa fundi mzuri, Ami. Sasa sijui mimi ni nani hapo ofisini.

Mwenye Amana,
Malindi

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika "nikamjibu nitaangalia". Ungeweza kuliacha jambo hilo nisilijue. Umelileta mwenyewe, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu bila kuzunguka.

Usiitie sahihi barua ile.

Sikwambii hivyo kwa kumwonea huruma kijana, ingawa huruma ninayo. Nakwambia kwa sababu barua ile si ya kweli. Inasema data zilipotea kwa uzembe wa mtu mmoja usiku mmoja. Wewe unajua zilianza kupotea tarehe 6, na kabla ya hapo Agosti, siku mwenzenu alipoondoka na anwani yake ikaachwa ipokee maonyo ambayo hakuna wa kuyasoma. Kijana amekuta jumba limeshaoza nguzo, akaegemea ukuta. Sasa jumba bovu mwataka limwangukie yeye.

Kuna kampuni inaitwa GitLab, inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao mmoja alikuwa amechoka, akihangaika na seva ya akiba iliyokataa kwenda sambamba na seva kuu. Aliamua kufuta data za seva ya akiba aanze upya, akaandika amri kwenye seva kuu. Kufumba na kufumbua, gigabaiti 300 hivi zimefutika. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na usiku ule hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Barua pepe za kuwaonya kwamba nakala hazifanyiki zilikuwa zikikataliwa njiani, haziwafikii. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua muda wa saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Data za saa sita hizo zilipotea moja kwa moja.

Walifanya nini? Kazi ya kurejesha waliionyesha kwenye YouTube, dunia nzima ikitazama. Baadaye wakachapisha maelezo marefu ya kila hatua, na yule mhandisi hawakumtaja kwa jina. Katika maelezo hayo walijiuliza kwa nini utaratibu wa nakala haukuwa ukijaribiwa mara kwa mara. Jibu lao lilikuwa kwamba jambo lile halikuwa na mwenyewe, kwa hivyo hakuna aliyewajibika kulijaribu.

Soma tena hapo. Jambo halikuwa na mwenyewe. Umeniuliza kazi yako ni ipi, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yako, karibu yote: kuhakikisha kila kitu ambacho kampuni haiwezi kuishi bila hicho kina mwenyewe, mtu mmoja mwenye jina. Kikikosa mwenyewe, kitakapoharibika ni chako. Nakala zile zilikuwa zako mwezi wa Novemba, hata kama hukuwa na habari mwezi wa Agosti.

Nami nina langu la kukwambia. Zamani nikiwa Mombasa, niliongoza watu kumi na wawili kwenye kampuni moja ya mambo ya fedha. Binti mmoja aliingiza namba kimakosa, wateja wakakatwa ada mara mbili siku nzima. Mkubwa wangu akataka kichwa. Barua ikaja imeshaandikwa, kama yako, nami nikatia sahihi. Nilijiambia kampuni ni kubwa kuliko mtu. Miezi sita baadaye mwanamume mwingine, mzoefu, akakosea pale pale, kwa namna ile ile, kwa sababu ile sehemu ya kuingizia namba ilikuwa haiulizi "una hakika?" wala haikuhitaji jicho la pili. Kwa miezi sita hatukuigusa. Tulishapata mkosaji, kwa hivyo tuliona kazi imekwisha. Yule binti nilikutana naye baadaye kwenye feri ya Likoni, akaniamkia kwa heshima zake zote, akaniuliza hali za watoto. Nilishindwa pa kuyaweka macho yangu. Sitaki nawe uvuke na mtu feri moja namna hiyo.

Kisha kuna hili: kijana wako alikupigia simu papo hapo. Unajua thamani ya simu ile? Kama angeogopa akanyamaza mpaka asubuhi, mfumo ungeendelea kupokea wageni juu ya vyumba ambavyo haujui vimejaa, na Shela isingekuwa familia moja. Ukimfukuza, wale sita waliobaki hawatajifunza kuwa waangalifu zaidi. Watajifunza kwamba aliyesema alifukuzwa. Safari ijayo utapata habari kwa mteja, na utakuwa umechelewa.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mfanyakazi akiwa na haki ya kuwa na mwenzake hapo, kisha asikilizwe. Kijana wako nani amemketisha akamsikiliza? Barua iliyopigwa chapa kabla ya mtu kuulizwa inaweza kuipeleka kampuni mahakamani. Mwambie tajiri hivyo kwa upole, lakini mwambie. Kumlinda tajiri na kosa lake mwenyewe ni sehemu ya kazi uliyopewa.

Usiende kwake na mikono mitupu. Kabla ya Jumatatu andika ukurasa mmoja, mbili zisizidi, ueleze usiku ule saa kwa saa. Usiandike jina la kijana, andika "aliyekuwa zamu". Eleza kwamba dirisha la majaribio na la wateja yalifanana, kwamba yeyote katika saba wenu angeweza kufuta data za wateja bila kuombwa idhini ya pili, kwamba onyo lilikwenda kwa mtu asiyekuwepo. Kisha andika sehemu yako, na hapa utaje jina: "Novemba niliulizwa kuhusu nakala, nikasema nitaangalia, sikuangalia." Najua itauma. Lakini tajiri aliyekuja anatafuta wa kumtwika lawama akikuta umeshaipokea sehemu yako, maneno yake ya kukata watu yatapungua makali. Mwisho andika mtakachobadilisha wiki hii: seva ya wateja iwe na rangi nyekundu kwenye skrini, ruhusa ya kufuta ibaki kwa watu wawili tu, nakala moja ikae mbali na seva yenyewe, na onyo liende kwenye simu mbili za watu walio hai na walio kazini.

Ama wateja, sidhani wanataka kuona mtu ameadhibiwa. Hilo ni la tajiri. Wanataka kujua halitarudi. Panda basi mpaka Mokowe, vuka, uende Shela kwa mguu wako ukae na mama yule. Usimpelekee maelezo ya seva. Mpelekee daftari lake. Programu yenu inaweza kila jioni kumtumia kwenye simu orodha ya wageni wa wiki nzima, aichapishe au aiandike kwa mkono akipenda, ili mfumo ukizimika, au mtandao ukikatika, ajue nani anafika na chumba kipi. Orodha hiyo iwe na jina, chumba na siku, basi. Namba za pasipoti na za vitambulisho zisiwemo. Na hizo picha za siku tatu zile za kujenga upya, ambazo bila shaka zilipitishwa kwenye simu za vijana, hakikisha zimefutwa zote. Data za mgeni zikifikiwa na mtu asiye na idhini na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Hilo nalo lipe mwenyewe, mtu mwenye jina.

Sasa nikugeukie wewe na zile siku nne za Maulidi. Onyo la kwanza la kampuni yenu lilikuwa pale, kabla ya diski kujaa. Umejifanya mlango ambao kila kitu lazima kipite, na mlango ukienda nyumbani kwa mamake, nyumba nzima imefungwa. Najua ulivyofika hapo. Fundi mzuri akipewa uongozi bila maelezo hufanya anachokijua, akakifanya kwa bidii maradufu. Lakini kila unapoimalizia kazi ya kijana usiku, asubuhi anaikuta imekwisha wala hajui imekwishaje. Hujamsaidia, umemnyima somo. Google waliwahi kuwachunguza mameneja wao wenyewe ili wajue mzuri anatofautianaje na mbaya. Wakapata mambo manane, na ujuzi wa kiufundi ukaja wa mwisho kati ya manane hayo. La kwanza lilikuwa kuwa mkufunzi mwema. Na hiyo ni kampuni ya wahandisi watupu.

Chukua karatasi, uandike vitu vyote ambavyo vikisimama kampuni inasimama: nakala za usiku, ruhusa za seva, malipo ya jina la tovuti, anayejibu simu usiku, anayemfundisha mgeni kazini. Mbele ya kila kimoja andika jina moja. "Sisi sote" si jina. Nina hakika jina lako litajitokeza karibu kila mstari, na hapo ndipo utaona mzigo wako ulivyo. Gawa. Baki na yale yasiyogawika: nani aajiriwe, vijana walipwe vipi, mfumo unaelekea wapi, na kumwambia tajiri ukweli kabla mteja hajaahidiwa. Kila wiki keti na kila kijana nusu saa, mmoja mmoja, yeye ndiye azungumze. Nusu saa saba ni saa tatu na nusu. Utaniambia huna. Zitoke kwenye zile za usiku.

Hili la Julai litakugharimu zaidi ya la kijana, kwa hivyo nisikilize vizuri. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi. Sababu yake unaweza kuihesabu kwa vidole. Watu saba wakitaka kuelewana wawili wawili, ni jozi 21. Waongeze watatu wawe kumi, jozi zinakuwa 45. Na hao watatu wapya nani atawafundisha? Ni wale wale saba, wakiwa wameacha kazi uliyotaka iharakishwe. Mchoree tajiri hesabu hiyo kwenye karatasi. Ni mfanyabiashara, hesabu ataielewa.

Usimwambie haiwezekani. Mwambie kinachowezekana. Aprili mpaka Juni mvua za masika zinanyesha, hoteli nyingi za Malindi na Watamu zimefunga au ziko tupu, na hapo ndipo pa kubadilisha mfumo bila kuumiza mtu. Malipo ya M-Pesa mnaweza kuyafikisha tarehe 1 Julai yakiwa yamejaribiwa, kwa sababu hayo ni fedha na hayataki papara. Kiitaliano kingoje. Au achague Kiitaliano, malipo yangoje. Kuchagua ni kwake, kueleza gharama ni kwako. Na muwekeane ahadi kwamba tarehe haitamkwi mbele ya mteja kabla wewe hujaulizwa. Akikataa hilo kabisa, na akakataa tena, basi utakuwa umejua unafanya kazi na mtu wa namna gani, na cheo hicho si ndoa.

Mwalimu wako sitamzungumza sana, kwa sababu nadhani unajua la kufanya na unalikwepa. Novemba alikuwa na haki. Mwambie hivyo, na umwambie mbele ya wale wale vijana waliosikia maneno ya kuwasha kompyuta. Baada ya siku mbili mwite peke yake, mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, kisha umwambie kinachokuuma na kwamba akiwa na neno aanze kwako. Mtu wa umri wake anayekwenda kwa tajiri mara nyingi anatafuta pa kusikilizwa. Kuna kampuni nyingi ambazo fundi hupanda cheo na mshahara bila kulazimishwa kuongoza watu. Iombe nafasi hiyo kwa ajili yake. Na ikiwa baada ya mwaka utagundua hata wewe roho yako iko kwenye kuandika programu, njia hiyo iko wazi kwako pia, wala hakuna aibu. Lakini mwaka huu uifanye kazi hii kwanza kama inavyofanywa. Hujaijaribu bado.

Limebaki neno la amana. Mamake kijana amekukabidhi mwanawe, na najua uzito wake kwa watu wa kwetu. Lakini jiulize: angekuwa ni mtoto wa Kisumu ambaye hujui hata mtaa wao, ungekosa usingizi? Unalompa huyu, wape wote saba. Na usimfiche na matokeo. Akae aandike mwenyewe alichokifanya na alichokiona. Akirudia kosa baada ya kufundishwa na kuonywa kwa maandishi, mtakaa tena, na mazungumzo yatakuwa mengine. Sasa anachohitaji ni kukirejesha kile alichokivunja.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo, ofisi ikiwa tulivu, mpe seva tupu na nakala ya usiku uliotangulia. Mwambie airejeshe yote, kuanzia mwanzo mpaka nafasi ya mgeni wa mwisho ionekane. Mwalimu akae pembeni na karatasi, aandike kila hatua inayokwama. Wewe simama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, usiiguse kibodi hata akikosea. Akikwama mwache aulize. Kisha niandikie, uniambie imechukua dakika ngapi.